Bi Chupa na Kipimo cha Arobaini na Nne

Kila aliyeingia maabara ya maji kwa mara ya kwanza alidhani Bi Chupa ni mtu wa usafi. Angekuja na sampuli yake mkononi, amwone mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, koti jeupe limempita magoti, anapangusa meza, naye angesema, "Samahani mama, wataalamu wako wapi?" Bi Chupa angemwonyesha kwa kidole, bila kinyongo. Dakika mbili baadaye mgeni angewaona wataalamu wenyewe wamemzunguka mwanamke yule yule wakimwuliza hili na lile, na hapo ndipo angeanza kuangalia viatu vyake.

Wageni hao hawakukosea sana. Bi Chupa aliingia kwenye jengo la mamlaka ya maji akiwa na miaka ishirini na miwili, akapewa sinki na brashi. Chupa mia mbili kwa siku: sabuni kwanza, asidi nyepesi, halafu suuza mara tatu, halafu zipangwe kwenye tanuri zikauke. Mama yake alikuwa amempa jina zuri tu, lakini kazini hakuna aliyelikumbuka. Wakemia walimwita Bi Chupa, mwanzo kwa dharau, kisha kwa mazoea, na mwishowe kwa heshima. Yeye aliitikia yote matatu kwa sauti ile ile.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na moja, na programu nzima ya maabara, ile iliyopokea namba kutoka kwenye mashine na kutoa vyeti vya matokeo, aliiandika yeye kwa vidole vyake viwili.

Alijifunzaje? Tanuri lile la kukaushia chupa lilichukua dakika arobaini kwa kila mzigo, na mizigo ilikuwa minne kwa siku. Mkemia mmoja aliyekuwa anahama alimwachia kitabu kinene cha Java, lugha ya kuandikia programu, jalada limeng'oka, akamwambia kwa utani, "Chukua, kitakusaidia kuzuia mlango." Bi Chupa alikisoma. Dakika arobaini, mara nne, siku tano za wiki, miaka mitatu. Pale asipoelewa alirudia, na pale alipoelewa alijaribu kwenye kompyuta ya pembeni, ile iliyotumika kupigia chapa vyeti. Programu yake ya kwanza ilichapa lebo za chupa, kwa sababu mwandiko wa wakemia ulikuwa kama kuku amekanyaga wino. Ya pili ilifanya hesabu ya klorini. Baada ya hapo walimwachia hesabu zote, na mkuu wa maabara akamtoa kwenye sinki akampa meza karibu na dirisha.

Shida ilianza programu ilipokua. Maji hupimwa vitu vingi: klorini, chumvi, chuma, uchafu unaoelea, na kila kitu kina hesabu yake. Bi Chupa aliandika kama kitabu kilivyomfundisha mwanzoni. Kama kipimo ni klorini, fanya hivi. La sivyo, kama ni chumvi, fanya vile. La sivyo, kama ni chuma. La sivyo. La sivyo. Mlolongo huo ulifika vipimo arobaini na viwili, na yeye mwenyewe aliuita treni la mizigo. Kipimo kipya kikija, ilibidi asimamishe programu, afungue treni, afunge behewa jingine, aliwashe tena, na muda wote huo wakemia wamesimama na chupa mikononi kama watu waliosubirishwa kwenye foleni. Siku moja aliweka mabano mahali pasipo pake, na hesabu ya chuma ikatumika kwenye kipimo cha chumvi. Aligundua ndani ya saa moja, kabla cheti hakijatoka, lakini jasho lililomtoka saa hiyo hakulisahau.

Kisha akaugua. Kijiwe kwenye nyongo, upasuaji, wiki tatu kitandani. Siku ya tano tangu apasuliwe, simu ililia chini ya mto. Alikuwa mkuu wa maabara, mtu mpole, mnene, asiyependa kumsumbua mtu.

"Bi Chupa, pole sana."

"Nimeshapoa, mkuu."

"Unaendeleaje?"

"Sindano zimepungua. Leo nimekunywa uji."

"Afadhali. Afadhali sana. Sasa, Bi Chupa, ingekuwa si lazima nisingekupigia. Kimekuja kipimo cha floridi, na hapa hakuna anayethubutu kugusa lile treni lako."

Bi Chupa alicheka mpaka mshono ukamvuta. Alimwelekeza mkemia mmoja kwa simu, mstari kwa mstari, nukta kwa nukta, huku muuguzi amemsimamia na mikono kiunoni. Vipimo vikawa arobaini na vitatu. Alipokata simu hakucheka tena. Alilala akitazama dari, akawaza: hii ni floridi tu. Ningekuwa nimekufa je? Nimewajengea nyumba, na ufunguo nimeumeza.

Aliporudi kazini alikichukua kile kitabu akafungua sura ya mwisho mwisho, ambayo kurasa zake zilikuwa zimeshikana kwa unyevu na ambayo siku zote aliiruka kwa kuiona ni ya wakubwa. Sura hiyo ilieleza uakisi. Kwenye Java, kila kipande cha kazi chenye jina lake huitwa mbinu, na kwa kawaida mwandishi huziita mbinu zake kwa kuziandika moja kwa moja. Lakini kwa uakisi, programu inaweza kujitazama yenyewe kama mtu kwenye kioo. Inauliza: mimi nina mbinu gani? Inaorodhesha majina yake. Inaichukua kila mbinu kama kitu cha kushikika, inakihifadhi, na baadaye inakiita kwa jina tu, hata kama jina hilo halikujulikana siku programu ilipoandikwa.

Jioni ile alimweleza mumewe, fundi cherehani, aliyekuwa anapiga pasi suruali ya mteja kwenye chumba cha mbele.

"Sikiliza, fundi. Sasa hivi programu yangu inajua vipimo kwa sababu nimevitaja kimoja kimoja, mimi mwenyewe. Nataka isivijue. Nataka ivitafute."

"Ivitafute wapi?"

"Kwenye kabrasha moja. Mkemia anaandika hesabu yake kwenye faili dogo, anaibandika lebo, hiki ni kipimo cha kitu fulani, analitia humo. Programu inapita, inasoma lebo, inaweka jina na mbinu yake kwenye orodha. Sampuli ikija imeandikwa klorini, inatazama klorini kwenye orodha, inaipata mbinu, inaifanyisha kazi."

Fundi aliinua pasi. "Kwa hiyo wewe huhitajiki tena?"

"Kuongeza kipimo, hapana."

"Na umefurahi?"

"Nimefurahi sana."

"Haya," alisema fundi, akarudisha pasi kwenye suruali. "Mimi nikishona suruali inayojishonea nyingine nitakuambia nami nilivyojisikia."

Alianza Jumatatu. Alizitoa hesabu zote kwenye treni, moja moja, akazipa kila moja mbinu yake na lebo yake juu: klorini, chumvi, floridi. Akaandika sehemu ya kuzitafuta na sehemu ya kuzihifadhi. Akaweka mstari mmoja wa kuonyesha idadi. Jumatano saa nne asubuhi aliwasha, na kioo cha kompyuta kikaandika: Mbinu zilizopatikana: 0.

Alidhani amekosea njia ya kabrasha. Akaangalia; iko sawa. Akaangalia majina, yako sawa. Mbinu zenyewe zilikuwepo, aliziona kwa macho, na lebo zilikuwepo, aliziandika kwa mkono wake. Sifuri. Alhamisi sifuri. Ijumaa wakemia walianza kupita nyuma ya kiti chake kwa kunyata, kama watu wanaopita karibu na mfiwa. Mmoja wao, msichana mwembamba waliyemwita Miwani kwa sababu kila saa alikuwa anaitafuta na iko kichwani, alimletea chai akaiweka mezani.

Ijumaa alasiri alirudi kwenye kitabu akasoma maandishi madogo chini ya ukurasa, yale ambayo watu hawasomi. Lebo za Java, yalisema, usipoagiza vingine, hazionekani programu inapotembea. Hazifiki kule. Ni lazima uiambie Java kwa mstari mmoja kwamba lebo hii ibaki hai mpaka mwisho. Siku tatu alikuwa ameiagiza programu isome lebo ambazo macho yake hayakuruhusiwa kuziona.

Aliuandika mstari ule. Akawasha.

Mbinu zilizopatikana: 43.

Bi Chupa alisimama. Hakupiga kelele. Alitembea mpaka kwenye sinki, akakunja mikono ya koti, akaosha chupa mbili zilizokuwa zimeachwa hapo, akazisuuza mara tatu kila moja, akarudi kukaa. Miwani aliyekuwa anamtazama aliwaambia wenzake, "Imekubali. Tazama alivyoosha."

Mwezi ule ule makao makuu ya mamlaka yalimleta mtaalamu. Kulikuwa na mpango wa kununua mfumo mkubwa wa maabara kutoka kampuni moja kubwa, na yeye alitumwa kuukagua uliopo na kuandika ripoti. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, suti imemkaa, maneno yamemkaa zaidi. Alikaa kwenye kiti cha Bi Chupa, akasoma msimbo wa programu kwa dakika ishirini, akageuka.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi, baba."

"Umesoma chuo gani?"

"Chuo cha sinki," alisema Bi Chupa. "Lile pale. Mitihani yake migumu."

Miwani aligeukia ukutani kuficha kicheko. Mtaalamu hakucheka, lakini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuwa yeye ndiye anayejua chumbani. "Mama, nikuambie ukweli. Uakisi ni mchezo wa hatari. Kwanza unachelewesha. Pili, ukiita mbinu kwa jina, kosa halionekani wakati wa kuandika. Linaonekana programu ikiwa inatembea, mbele za watu."

"Ni kweli," alisema Bi Chupa.

Mtaalamu alikuwa amejiandaa kwa ubishi, akakosa pa kushika.

"Ni kweli yote mawili," aliendelea. "Ndiyo maana sitafuti kila mara. Natafuta mara moja tu, asubuhi programu inapoamka, naziweka mbinu kwenye orodha. Baada ya hapo ni kuita. Huo muda unaopotea, hata kope haijashuka, na mkemia wangu anachukua dakika kumi kujaza chupa. Na kuhusu kosa: kila mbinu inakaguliwa mlangoni. Inapokea sampuli moja? Inarudisha namba moja? Ikiwa haifanyi hivyo haiingii kwenye orodha, na sababu inaandikwa. Jaribu mwenyewe. Ingiza sampuli yoyote."

Mkuu wa maabara alisogea karibu. Wakemia waliacha kazi. Mtaalamu alijaza fomu ya sampuli ya nitrati haraka haraka, akabofya.

Kioo kikawa chekundu. Juu kabisa ilikaa InvocationTargetException, jina refu la kumkatisha mtu pumzi, na chini yake mistari thelathini.

Mkuu alitazama sakafu kama mzazi ambaye mtoto wake amesahau shairi jukwaani. Mtaalamu aliegemea kiti. "Unaona? Mbele za watu."

Bi Chupa alihisi masikio yanamwaka moto. Akavaa miwani yake ya kusomea, akainama, akaanza kushuka na mistari kwa kidole, bila haraka. Hakuharakishwa na mtu tangu enzi za chupa. Chupa ukiiharakisha inavunjika.

"Hili siyo kosa," alisema baada ya muda. "Hii ni bahasha. Ukiita mbinu kwa uakisi na mbinu yenyewe ikalalamika, Java inalifunga lalamiko kwenye bahasha hii. Lazima uifungue." Kidole kikafika mstari wa kumi na tisa. "Hili hapa. Mbinu ya nitrati inasema ujazo wa sampuli ni sifuri, na imekataa kugawanya kwa sifuri. Baba, uliandika mililita ngapi?"

Mtaalamu alitazama fomu. Kisanduku cha ujazo kilikuwa kitupu.

Hapo Miwani hakujizuia, na mkuu wa maabara naye alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Mtaalamu aliandika mia moja, akabofya, na jibu likatoka. Lakini Bi Chupa hakutulia kwa ushindi huo, kwa maana alijua kuwa mkemia mwenye sampuli mkononi hana muda wa kusoma mistari thelathini. Kabla ya chakula cha mchana programu ilikuwa imefundishwa kufungua bahasha yenyewe na kusema kwa Kiswahili cha kawaida: Ujazo wa sampuli hauwezi kuwa sifuri. Mtaalamu alisimama nyuma yake akiangalia, akauliza swali moja, kisha la pili, kisha akavuta kiti.

Hata hivyo ripoti aliiandika kama alivyotumwa. Nakala ilifika wiki mbili baadaye. Ilisema programu inafanya kazi, ila ni ya mtu mmoja, asiye na cheti, na mtu huyo akiondoka, maabara itasimama. Bodi ingekaa mwisho wa mwezi kuamua. Mkuu alimsomea kwa sauti ndogo, na Bi Chupa alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapo kwenye kusimama ndipo alipokosea," akarudi mezani kwake. Lakini iliuma. Nyumbani alimwambia mumewe kwamba imeuma.

Mvua ikaja. Ilinyesha siku mbili mfululizo, mitaro ikashindwa, na kwenye mtaa wa mabondeni maji yaliingia kwenye kiwanja walichokuwa wakivunja betri kuukuu za magari ili kuchukua madini yake. Maji yalikaa humo siku nzima, kisha yakatoka na yaliyokuwemo, yakateremka kwenye visima vya watu.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, bwana afya wa mtaa alifika maabara na makreti ya chupa sitini na moja, moja kwa kila kisima. Alitaka kipimo cha risasi, ile metali inayotoka kwenye betri. Mashine ya kupima metali ilikuwepo, lakini risasi haikuwahi kupimwa pale. Hesabu yake haikuwemo kwenye programu, na cheti kisichotoka kwenye programu hakikuwa na nguvu ya kufunga hata kisima kimoja.

Na Bi Chupa hakuwepo. Alikuwa amempeleka mama yake kliniki ya macho. Mama alikuwa na miaka themanini na ushei, mtoto wa jicho amekomaa, na miadi hiyo waliisubiri miezi minne. Kwenye kliniki ile simu zilizimwa mlangoni. Bi Chupa alikaa kwenye benchi la mbao, mkono wa mama yake kwenye mkono wake, akasikiliza mvua kwenye bati, wala hakujua lolote.

Saa saba kasoro walitoka. Mama amefungwa kitambaa cheupe jichoni, anaona fahari kama aliyetoka vitani. Bi Chupa aliwasha simu. Ilitetemeka, ikatetemeka tena, ikawa kama imeshikwa na homa. Mkuu wa maabara, mara sita. Miwani, mara tatu.

"Nani hao?" aliuliza mama.

"Kazini."

"Nenda."

"Nikuache wapi, mama?"

"Kwa mumeo. Nina jicho moja, siyo mguu mmoja. Nenda!"

Alimfikisha mama yake kwa fundi, akapanda pikipiki ya kukodi, akafika amelowa mpaka kwenye mifupa. Njia nzima alikuwa anatunga maneno. Nilizima simu, mkuu, ni utaratibu wa kule. Nipeni kiti, nipeni nusu saa. Alisukuma mlango wa maabara tayari ameshaanza kuvua koti la mvua.

Hakuna aliyegeuka. Mashine ya metali ilikuwa inavuma. Mkemia mmoja alikuwa anapanga chupa, mwingine anasoma namba, bwana afya amekaa pembeni na karatasi magotini, na printa ilikuwa inatoa cheti baada ya cheti kwa ule mlio wake wa kukoroma. Bi Chupa alisimama katikati ya chumba akidondosha maji sakafuni. Akatazama kioo cha kompyuta yake.

Mbinu zilizopatikana: 44.

"Nani?" alisema.

Miwani aliinua kichwa. Miwani yake safari hii ilikuwa puani. "Mama, umefika! Tulikupigia, hukupatikana. Mkuu akasema tusubiri. Tukasubiri mpaka saa tatu na robo, halafu nikasema, ngoja nijaribu." Maneno yalikuwa yanamtoka kwa kasi. "Nilichukua faili la chuma nikaliangalia lilivyo. Nikaandika la risasi. Usomaji wa mashine, toa usomaji wa maji matupu, zidisha kwa kiasi tulichochanganya. Nikaweka lebo, nikalitia kwenye kabrasha, nikawasha programu upya. Mara ya kwanza likakataliwa."

"Likasemaje?"

"Likasema mbinu lazima irudishe namba. Nilikuwa narudisha maandishi. Nikarekebisha, likaingia. Kisha tukapima maji ambayo tumetia risasi wenyewe, kiasi tunachokijua. Mara tano. Jibu lilikuja lile lile. Hapo ndipo tukaanza na visima."

"Ilikuchukua muda gani?"

"Dakika ishirini. Au ishirini na tano, mama. Niliipoteza miwani katikati."

Bi Chupa alivuta kiti akakaa. Kwa muda mfupi, na hili alimwambia mumewe peke yake, alihisi upweke mdogo, kama mama anayefika shuleni kumchukua mtoto akaambiwa ameshatangulia nyumbani. Alilifungua faili la Miwani akalisoma. Mistari kumi na minne. Safi. Juu yake lebo, risasi. Hakubadilisha hata nukta.

"Mnahitaji nini?" aliuliza.

"Chupa safi, mama," alisema mkemia wa kwenye mashine, kisha akajishtukia. "Samahani, sikumaanisha..."

"Ningeshangaa usingemaanisha," alisema Bi Chupa, akakunja mikono, akaenda kwenye sinki.

Visima tisa kati ya sitini na kimoja vilipita kikomo cha mikrogramu kumi kwa lita. Kimoja, nyuma ya shule ya chekechea, kilikuwa na mia mbili na arobaini. Bwana afya alichukua vyeti tisa akaondoka karibu akikimbia, na saa tisa, kabla watoto hawajatumwa na ndoo, vifuniko tisa vilikuwa vimefungwa kwa mnyororo na gari la maji limeegeshwa mwisho wa mtaa. Wiki iliyofuata watoto wa mtaa ule walitolewa damu hospitalini; wanne walikutwa na risasi na kuanzishiwa dawa mapema, na daktari alisema mapema ndiyo neno lenyewe. Kiwanja cha betri kilifungwa.

Bodi ilikaa mwisho wa mwezi. Mkuu wa maabara, yule asiyependa kumsumbua mtu, alisimama na kusema maneno ambayo baadaye watu waliyarudia kwenye korido. "Ripoti inasema mwandishi akikosekana, maabara itasimama. Alhamisi ile mwandishi alikosekana. Maabara ilifunga visima tisa." Akakaa. Mfumo mkubwa haukununuliwa. Mtaalamu, ni haki kulisema hili, alipiga simu mwenyewe kuuliza kama anaweza kuja siku moja kuona ule ukaguzi wa mlangoni unavyoandikwa, na Bi Chupa alimwambia aje Jumanne, asiwe na haraka.

Kwenye kikao hicho hicho kiligunduliwa kitu kilichowaaibisha wajumbe. Mwenyekiti aliomba jalada la Bi Chupa ili aandikiwe barua ya pongezi, na jalada lilipoletwa lilisema: mhudumu wa usafi, daraja la tatu. Miaka ishirini na tisa hakuna aliyelibadilisha. Wakati wote wa klorini, wa treni, wa bahasha na wa risasi, mamlaka ilikuwa imeajiri mwosha chupa.

Barua ilitoka siku nne baadaye. Mwandishi mkuu wa programu, maabara ya maji. Fundi aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Mama, ambaye jicho lake lilikuwa limefunguliwa na ambaye sasa alikuwa anaona hata vumbi la juu ya kabati, aliidai mkononi mwake.

"Nisomee hapa," alisema, akigusa mstari kwa kucha.

"Hapo ni jina langu, mama."

"Najua ni jina lako, nililitoa mimi. Nisomee."

Bi Chupa alimsomea jina lake kamili, yote matatu, polepole. Mama aliitikia kwa kichwa, akaikunja barua, akaitia kifuani mwake ndani ya nguo, na hakuirudisha mpaka kesho yake.

Jumatatu Bi Chupa alifika kazini saa moja na nusu kama kawaida. Wakemia wawili walikuwa wanamsubiri mlangoni, kila mmoja na faili lake jipya, mmoja wa zebaki na mwingine wa shaba, wanabishana nani aingize kwanza. La zebaki programu ililikataa.

"Limesemaje?" aliuliza Bi Chupa, akivaa koti.

"Linasema halina lebo."

"Basi liwekee lebo," alisema, akaenda kuwasha tanuri.